Breki za mbele za Landikruza kuukuu: usifunge diski ukaacha yaliyobaki

Msimu wa maembe, miaka michache iliyopita, nilikuwa nateremka kutoka Kwale kuelekea Kombani na Landikruza yangu ya 40, ya mwanzo wa miaka ya 1970. Nyuma nimepakia magunia, kiti cha mbele yupo mamangu. Katikati ya mteremko nikakanyaga breki, pedeli ikazama. Nikakanyaga tena, ikazama zaidi, na harufu ya kuungua ikajaa ndani ya gari. Nikashusha gia mpaka ya pili, nikavuta handbreki, na Mungu akatusitiri: gari lilisimama kwenye lundo la mchanga kando ya barabara. Mamangu aliteremka, akaketi chini ya mti, akaniambia, "Mwanangu, gari hili sipandi tena mpaka ulitengeze."

Nililitengeza, lakini mara ya kwanza nililitengeza vibaya. Naandika haya kwa sababu huku Pwani magari ya namna hii bado ni mengi, na wengi wanaambiwa kama nilivyoambiwa mimi: "Tia diski mbele, shida imekwisha."

Kwanza tuelewe kilichotokea. Breki haifanyi jambo jingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua gari la tani mbili linaloshuka kimo cha mita 300. Likizuiliwa kwa breki peke yake, joto linalotoka latosha kuchemsha maji ya kawaida karibu lita 18. Joto hilo lazima liende mahali. Kwenye drami, msuguano uko ndani ya chungu cha chuma kilichofunikwa, na joto hutoka polepole. Chuma kikipata moto hutanuka na kuzikimbia lina, ndiyo maana pedeli huzama. Diski iko wazi, upepo unaipiga pande zote mbili, na ikitanuka husogea kuelekea pedi. Tena ukivuka maji, drami hubaki na maji na mchanga ndani, lakini diski huyarusha nje ikizunguka.

Toyota wenyewe walianza kufunga diski mbele kwenye 40 katikati ya miaka ya 1970, na Landikruza ya 60 iliyofuata ilikuja nazo. Kwa hiyo spea zinazokubaliana zipo. Tatizo ni namna ya kuzifunga.

Fundi wangu wa kwanza alinifungia diski na kalipa, akanikabidhi ufunguo. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu, kabla sijafika feri ya Likoni, magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi, nami sikuwa nimekanyaga breki. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alifungua masta silinda akanionyesha vali ndogo ndani yake. "Hii ni ya drami," akasema. "Ndiyo iliyokuwa ikikuunguza."

Lina za drami hurudishwa na springi. Ili silinda zisivute hewa springi zinaporudi, masta ya zamani ina vali inayobakisha shinikizo kidogo ndani ya bomba hata ukiachia pedeli. Diski haina springi ya kurudisha pedi. Shinikizo lile likibaki, pedi zinaendelea kubana na kusaga njia nzima. Vali ya upande wa mbele lazima itolewe, au utie masta iliyotengenezwa kwa gari la diski mbele na drami nyuma. Hii ya pili ndiyo bora, kwa kuwa kalipa zinahitaji mafuta mengi kuliko silinda za drami, na pedi zikilika kopo la mafuta hupungua. Na kama gari lako ni la zamani mno, lenye masta ya njia moja, hiyo ndiyo nafasi ya kutia ya njia mbili. Kwenye njia moja, bomba moja likipasuka huna breki hata moja.

La pili ni busta. Drami hujisaidia: gurudumu likizunguka huivuta lina ya mbele ijibane zaidi. Diski haijisaidii, hutegemea nguvu ya mguu wako. Bila busta utakanyaga mpaka goti liume. Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa kutoka injini, na injini ya dizeli huhitaji pampu yake ya kuvuta hewa. Hapa nawaambia madereva wanaozima injini kwenye mteremko ili waokoe mafuta: ukishazima, busta hukupa mikanyago michache tu, kisha hakuna.

La tatu ni spea zenyewe. Nunua seti nzima kutoka gari moja, kushoto na kulia: vifundo vya kugeuzia magurudumu, spindo, habu, diski na kalipa. Ukiokota kimoja hapa na kingine pale, havitakaa sawa. Pima unene wa diski kabla ya kulipa. Kiwango cha mwisho kwa kawaida huwa kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Tia beringi mpya, na sili mpya za ekseli, kwa sababu sili ikivuja, oili ya difu huingia kwenye kifundo na mwisho hufika kwenye breki. Jaribu pia rimu zako juu ya kalipa na uzizungushe kwa mkono, maana rimu za zama za drami nyingine hugusa. Na unapofungua drami kuukuu usipulize vumbi lake kwa hewa. Lina za zamani zilikuwa na asbesto. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

La nne ni mafuta ya breki, na hili ni letu sisi wa Pwani hasa. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke haukandamizi kitu. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, na usinunue kopo lililokwisha kufunguliwa. Ukitoka ufuoni, osha kalipa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo pistoni zitashika kutu.

Kazi ikiisha, toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kisha lijaribu gari likiwa tupu, kwenye njia tambarare isiyo na watu, ukifunga breki polepole mara nyingi mpaka pedi zizoeane na diski. Tembea kilomita kumi, usimame, usogeze mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, bado hujamaliza.

Mimi nililipa mara mbili kwa kazi moja. Rahisi ni ghali. Kabla hujatoa pesa, muulize fundi wako swali moja: "Masta utaifanyaje?" Akikujibu kwamba masta haina shida, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.

Mamangu alirudi kupanda gari lile baada ya miezi minne. Tulipofika Kombani hakusema neno. Alikuwa amelala.