Wazee wa makaoni na utulivu wa nyoyo

Msafiri atokaye Masasi kwenda Lindi hupita Nanganga, penye njia panda ya Ruangwa. Vijijini huko mzee hutunzwa nyumbani, na msimu wa korosho ukiingia hubaki barazani na wajukuu. Kumpeleka mzazi makao ya wazee huhesabiwa aibu. Hata hivyo wapo wasio na mtoto wala ndugu, na ndio wanaopokewa katika makao kama ya Nunge, Kigamboni, au Welezo, Unguja.

Huko hupata chakula na kitanda. Lakini usiku? Aliyezika mwenza na wanawe hulala macho, moyo ukimwenda mbio, mabega yamekakamaa.

Ipo tiba isiyonunuliwa. Edmund Jacobson, tabibu wa Marekani, alifundisha tangu miaka ya 1920 kukaza misuli ya kiungo kimoja kwa sekunde chache, kisha kuilegeza polepole, kiungo baada ya kiungo. Mwaka 1975 Herbert Benson, naye daktari wa huko, alieleza njia nyepesi zaidi: kuketi kimya, kupumua taratibu na kukariri neno moja, hata la ibada, kila pumzi inapotoka. Mapigo ya moyo hupungua, misuli ikalegea. Msomaji atatabasamu: bibi zetu wameshika tasbihi tangu lini? Aya ya 28 ya Sura Ar-Raad nayo yataja utulivu huo wa nyoyo. Sisemi dhikri ni mazoezi ya viungo; ibada ina nia yake na malipo yake. Ila mwili nao hupata fungu lake.

Mzee aketi kitini, asikaze goti linalomuuma. Asiyesikia vizuri aelekezwe kwa kuguswa mkono. Dakika 10 baada ya Isha zatosha. Huzuni ikidumu wiki 2, au akikataa chakula, au akitamani kufa, aonwe na daktari. Pumzi peke yake haitoshi.

Vijana wa msikitini wanaokwenda kuwazuru Ijumaa wamuulize kwanza msimamizi ni nani asiyepata mgeni. Akiwamo Mmwera aliye mbali na kwao, atafutwe wa kumsalimu kwa Kimwera, aketi naye, wapumue pamoja.