Kalori za simu zisizoijua sahani ya Eastlands

MKAZI wa Umoja, Donholm au Kayole anayeambiwa na daktari kwamba uzani wake umezidi, au kwamba sukari imepanda katika damu yake, hachukui muda kabla ya kupata mshauri wa pili. Mshauri huyo humwambia aweke programu ya lishe katika simu yake, aandike kila anachokula, na aiachie simu hesabu.

Haja ipo. Utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka wa 2015 ulibainisha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Wala ushauri wenyewe si mbaya. Mtu anayeandika alichokula hukumbuka vitu ambavyo angevisahau: mandazi mawili ya saa nne, soda ya alasiri, kipande cha mutura alichokula kituoni akisubiri matatu.

Simu hujumlisha bila kukosea. Kisichojulikana ni mahali zilikotoka nambari inazojumlisha.

Programu hizi huchota takwimu zake katika visima viwili. Cha kwanza ni hazina za serikali, hasa ile ya Idara ya Kilimo ya Marekani ambayo tangu mwaka wa 2019 inaitwa FoodData Central. Vyakula vingi vilivyomo vilipimwa katika maabara, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Cha pili ni watumiaji wenyewe. MyFitnessPal, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 2005 na ambayo ni mojawapo ya programu maarufu zaidi za aina hii, ilijijengea orodha ya mamilioni ya vyakula kwa kumruhusu kila mtumiaji aongeze chake. Orodha hiyo na watu walioizoea vilikuwa na thamani kubwa sokoni: kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour iliinunua programu hiyo mwaka wa 2015 kwa dola milioni 475, kisha ikaiuza mwaka wa 2020 kwa dola milioni 345.

Mtumiaji anayeongeza chakula haulizwi alikipimaje. Anaweza kunakili maandishi ya paketi, kukisia, au kuchukua nambari ya chakula kingine chenye jina linalofanana. Anaweza pia kuchanganya vipimo. Paketi nyingi huonyesha nishati kwa kilojuli na kwa kilokalori, ambazo watu huziita kalori tu. Kalori moja ya aina hiyo ni kilojuli 4.2 hivi, kwa hivyo anayeandika ya kwanza mahali pa ya pili amekizidisha chakula zaidi ya mara nne.

Uzito wa jambo hili huonekana vyema katika ugali. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kalori 360 hivi. Mpishi akitumia nusu kilo ya unga na lita moja ya maji, ataipua ugali wa takribani kilo 1.4, maana sehemu ya maji hupotea kwa mvuke. Nishati iliyomo ni ile ile ya unga, yaani kalori 1,800, kwa kuwa maji hayana kalori. Gramu 100 za ugali huo basi zina kalori 130 hivi, na bonge la gramu 400, ambalo si la kushangaza kwa mtu aliyeshinda mjengoni, lina kalori zipatazo 510.

Sasa tuseme aliyeandika neno "ugali" katika programu alinakili thamani ya unga mkavu. Simu itasema bonge hilo lina kalori 1,440. Au tuseme aliona ugali unafanana na grits, chakula cha mahindi cha majimbo ya kusini mwa Marekani ambacho hupikwa kwa maji mengi na kuwa chepesi kama uji mzito. Hicho kina kalori 60 hadi 70 kwa gramu 100, na simu itasema 260. Sahani ni moja, majibu ni matatu, na mtumiaji hana njia ya kujua ameangukia lipi. Na hata ile 130 si amri: anayependa ugali mgumu hutia unga zaidi katika maji yale yale.

Chapati nayo ina mtego wake, kwa sababu jina ni la Kihindi na watumiaji wa India ni wengi. Ile yao ya kila siku ni nyembamba, huokwa kwenye kikaango kikavu, na ikitumia gramu 30 za unga haizidi sana kalori 110. Ya Nairobi hukunjwa kwa mafuta kisha ikakaangwa kwa mafuta mengine. Kilo moja ya unga wa ngano ikitoa chapati 15 na kula mililita 150 za mafuta, kila moja hubeba kalori 240 za unga na 80 za mafuta. Anayekula mbili huku simu ikimhesabia zile za Kihindi, kalori 420 zimempita bila kuandikwa.

Mafuta ndiyo mhalifu mkuu asiyeonekana. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi. Sukuma wiki yenyewe ni karibu bure, kalori 35 kwa gramu 100 ikiwa mbichi, lakini ikikaangwa kwa vijiko vinne mafuta yanaipita mboga kwa mbali. Katika vibanda vya chakula vya Jogoo Road au Mutindwa, mteja haoni kilichomiminwa sufuriani. Nyumbani, mafuta ya kupima yanayonunuliwa dukani kwa shilingi chache hayana maandishi yoyote ya kusomwa na simu. Programu mpya zinazodai kukadiria mlo kwa kuupiga picha haziondoi tatizo hili, kwa kuwa kamera haioni mafuta yaliyokwisha kunywewa na chakula.

Maharagwe, githeri na omena hukosewa kwa namna ile ile ya ugali: thamani ya kikavu huwekwa mahali pa kilichopikwa. Maharagwe makavu yana kalori 330 hivi kwa gramu 100. Yakichemshwa yakanywa maji hubaki na 130 hivi.

Kwa anayetaka tu kupunguza tumbo, makosa haya humchelewesha na kumkatisha tamaa. Kwa mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Baadhi ya wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini hukadiria kipimo chao kwa gramu za wanga watakazokula. Bonge lile la ugali la gramu 400 lina wanga wa gramu 110 hivi. Nambari ya grits itampa mgonjwa nusu yake, naye atajidunga dawa pungufu na sukari ibaki juu. Nambari ya unga mkavu itampa gramu 300, na akiifuata atajidunga dawa karibu mara tatu ya anayohitaji. Sukari ikishuka ghafla kiasi hicho, mtu anaweza kuzirai na hata kufa.

Mgonjwa wa figo hukabiliwa na hatari iliyofichika zaidi, nayo ni nafasi tupu. Wengi wao hushauriwa kudhibiti potasiamu, kwa maana figo dhaifu hushindwa kuitoa na ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo. Kanuni za Marekani zilizochapishwa mwaka wa 2016, ambazo kampuni kubwa zilipewa hadi Januari 2020 kuzifuata, ndizo zilizolazimisha potasiamu iandikwe kwenye paketi. Kilichonakiliwa kutoka paketi za awali aghalabu hakina nambari hiyo. Pengo kama hilo likiingia katika jumla ya siku, huhesabiwa kama sifuri. Mgonjwa aliyekula maharagwe, viazi, ndizi na parachichi anaweza kuonyeshwa jumla ndogo ya kufurahisha, si kwa sababu potasiamu haipo bali kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Kenya haikukosa takwimu zake. Mwaka wa 2018 serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zilitoa majedwali mapya ya virutubishi vya vyakula vya humu nchini, baada ya yale ya mwaka wa 1993. Yalifuatana na kitabu cha mapishi ya kawaida chenye thamani ya kila mlo, na vyote vinapatikana bure mtandaoni. Lakini ni vitabu vya wataalamu, vyenye safu na safu za tarakimu, na mtu mwenye njaa hafungui jedwali.

Kuna pia mambo ambayo hazina ya kigeni haiwezi kuyajua. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika paketi uongezwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi chochote, ingawa usipokobolewa huwa na nyuzinyuzi zaidi. Kwa simu, zote mbili ni "unga wa mahindi".

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba nambari za maabara ni kamilifu. Kanuni za Marekani huruhusu kalori halisi zipite zilizoandikwa kwenye paketi kwa hadi asilimia 20. Hesabu yenyewe ya kalori nne kwa gramu ya wanga au protini na tisa kwa gramu ya mafuta ni wastani uliotokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka wa 2012 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walionyesha kwamba mwili hupata kalori 129 tu kutoka gramu 28 za lozi, ilhali hesabu hiyo husema karibu 170.

Njia ya kujinasua ni mzani wa jikoni. Programu nyingi humruhusu mtumiaji aweke mapishi yake mwenyewe. Unga hupimwa ukiwa mkavu, na chupa ya mafuta hupimwa kabla na baada ya kupika. Sufuria hupimwa tupu, kisha ikiwa na chakula kilichoiva, na jumla ya kalori ikagawanywa kwa uzani wa chakula hicho. Mwenye kufanya hivyo mara moja kwa ugali, chapati, githeri na sukuma ya nyumbani kwake amevimaliza vyakula vingi anavyokula wiki nzima. Anayetumia insulini au mwenye maradhi ya figo hana budi kuzipeleka nambari hizo kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki yake kabla ya kubadilisha dawa au mlo wowote.