Mpiganaji yuko Mbweni, refa yuko Amsterdam

Kuna malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi katika mitaa yetu ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbweni hadi Temeke. Vijana wanaocheza gemu za mapigano mtandaoni wanasema wanashindwa na watu ambao hawawazidi kitu. Wazazi huwajibu kwa msemo wa siku zote, kwamba asiyejua kucheza ngoma husingizia uwanja. Wiki hii nataka tuutazame huo uwanja wenyewe, kwa sababu safari hii huenda kweli una kasoro.

Tuanze na mchezo, maana si wote wanaoufahamu. Fikiria hekaya kubwa yenye falme, misitu, majoka na mapango ya dhahabu. Badala ya kusimuliwa, unaingia ndani yake. Unajichagulia mhusika, unamvika silaha, kisha unakutana humo na maelfu ya watu wengine, kila mmoja yuko kwao, huyu Brazil, yule Korea. Mnafanya biashara, mnaunda vyama, mnapigana. Ukizima simu yako usiku, ulimwengu ule hauzimiki. Unaendelea bila wewe.

Mizizi yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao watu huucheza kwa karatasi, kalamu na dadu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja, ilikuwa maandishi matupu. Mwaka 1997 ikatoka Ultima Online yenye picha, na mwaka 2004 ikaja World of Warcraft. Albion Online, iliyotengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, Ujerumani, ilitoka mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 inachezwa kwenye simu pia. Hapo ndipo mambo yalipoifikia mitaa yetu, kwani kwa wengi wetu simu ndiyo kompyuta.

Sasa, katika gemu hizi kuna namna mbili za kupigana. Namna ya kwanza ni ya hesabu. Mhusika wako amepanda ngazi hamsini, wa mwenzako thelathini, basi utamshinda hata ukiwa unapiga miayo. Namna ya pili ni ya ustadi. Lazima ulenge mwenyewe, ukwepe mwenyewe, ujikinge kwa wakati wake. Mgeni mwenye jicho kali anaweza kumwangusha mkongwe. Waswahili wa pwani tunaijua namna hii tangu zamani. Katika kirumbizi, ule mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari, hakuna anayeuliza umeshinda mara ngapi mwaka jana. Fimbo inakuja, unaiona, unaikinga. Usipoikinga, imekupata.

Ndiyo maana vijana wanaipenda namna hii ya pili. Wanaiona ni ya haki. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi wanaingia na macho yao na vidole vyao, na mwenye ustadi ndiye anayetoka na ushindi.

Lakini pana jambo. Wacheza kirumbizi wako kwenye uwanja mmoja. Wacheza gemu je, wako wapi?

Jibu ni kwamba hawapigani kwenye simu zao. Simu ni dirisha tu. Pambano lenyewe linafanyika ndani ya kompyuta kubwa iitwayo seva, na seva hiyo ndiyo refa. Ukibonyeza kitufe cha kukwepa, simu yako haijaamua lolote. Imetuma barua: "Bwana refa, mimi nakwepa." Refa akiipokea anaangalia nani ametangulia, mwenye upanga au mwenye kukwepa, anaamua, halafu anatuma majibu kwa wote wawili. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo vijana wanayoiita pingi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Nenda ufukwe wa Mbweni asubuhi, umtazame kwa mbali fundi anayegongomea msumari kwenye ngalawa. Utaiona nyundo imeshuka, kisha baada ya kitambo kidogo ndipo utasikia "ko!" Fundi hajachelewa, sauti ndiyo iliyokuwa safarini. Sasa fikiria unacheza kirumbizi na mtu ambaye fimbo yake unaiona hivyo hivyo, si pale ilipo, bali pale ilipokuwa kitambo kilichopita. Yeye yako anaiona papo hapo. Mwamuzi gani atasema hilo ni pambano la haki?

Huenda utasema data husafiri kwa kasi ya mwanga, na mwanga hauchelewi. Hapana, nao huchelewa. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini dunia nayo ni kubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 14,000, na hizo peke yake zinakula kama milisekunde 70. Na mkongo haunyooki. Unapanda Bahari ya Hindi, unaingia Bahari ya Shamu, unapita Misri, unavuka Mediterania hadi Ufaransa, ndipo data iendelee kaskazini. Ongeza mitambo ya njiani inayopokea na kupeleka mbele, ongeza pia mnara wa simu wa mtaani kwako, ambao peke yake unaweza kula makumi ya milisekunde. Jumla ikipita 100, kama inavyotokea kwa kawaida, usishangae.

Je, sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kitu cha kulalamikia? Katika kutuma barua pepe, la hasha. Katika pambano la ustadi, ndiyo. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban robo ya sekunde, yaani milisekunde 250, kuona kitu na kubonyeza. Mchezaji aliye karibu na refa anakaribia kuitumia robo yake yote. Wetu ameshanyang'anywa karibu nusu yake kabla kidole hakijagusa kioo.

Sisemi kwamba hali haijawahi kuwa mbaya zaidi. Kabla ya mikongo ya baharini, intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka, kisha jibu nalo kupanda na kushuka, ilichukua karibu nusu sekunde. Mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa tarehe 23 Julai 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010, tuliondoka angani tukaingia baharini, na muda ule ukapungua sana. Bila mikongo hiyo, mazungumzo haya yasingekuwepo, kwa sababu pambano la ustadi lisingewezekana kabisa.

Hapo mtaani kwetu Mbweni yupo kijana mmoja ambaye kwenye banda la gemu hakuna anayemgusa. Kule mashine iko mezani, refa yumo ndani ya sanduku, na pingi ni kama haipo. Mwaka jana aliingia kwenye gemu moja ya mtandaoni yenye sheria kali: ukifia kwenye eneo la hatari, aliyekuua anachukua kila ulichobeba. Kwa wiki nyingi alichimba madini, akafua silaha, akajivika. Akaingia vitani, akaviziwa, akakwepa. Kwenye kioo chake aliona wazi kwamba amekwepa, na mimi nilikuwa karibu nikaona pia. Sekunde haijaisha mhusika wake akaanguka, mali yote ikaenda.

"Mzee, si umeona nimekwepa?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeona, na sote wawili hatukuwa tumekosea. Watengenezaji wa gemu, tangu ilipotoka QuakeWorld mwaka 1996, wana ujanja wa kuificha pingi. Kifaa chako hakisubiri jibu la refa, kinabashiri. Ukibonyeza "kwepa" kinakuonyesha papo hapo kwamba umekwepa, ili usione mchezo mzito. Lakini ubashiri si hukumu. Hukumu ikifika kutoka ng'ambo na kusema upanga ulikuwa umetangulia, kioo hulazimika kujisahihisha, nawe unajikuta umekufa baada ya kunusurika. Ujanja huo unapunguza maumivu. Umbali unabaki palepale.

Baba yake, kwa huruma, akamnunulia bando kubwa zaidi. Hapa ndugu zangu wengi wanapoteza fedha, kwa hiyo naomba tusikilizane vizuri. Ukubwa wa bando na urefu wa safari ni vitu viwili. Basi kubwa linabeba abiria wengi kuliko daladala ndogo, lakini halifupishi barabara ya kutoka Mbweni hadi Kariakoo hata kwa hatua moja. Bando kubwa litakusaidia kupakua filamu. Refa halitamsogeza.

Basi refa wako wapi? Chukua mfano wa Albion Online. Ilianza na seva iliyoko Washington, Marekani. Mwaka 2023 wakafungua nyingine Singapore kwa ajili ya Asia, na mwaka 2024 ya tatu Amsterdam kwa ajili ya Ulaya. Afrika haikupata. Simlaumu mtu. Kampuni huweka seva palipo na wateja wanaolipa, umeme usiokatika na njia nyingi za mtandao. Mwafrika Mashariki amebaki kuchagua refa wa mbali wa kaskazini au refa wa mbali wa mashariki.

Na njia zenyewe ni chache. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hakuna aliyeuliza habari za panga na majoka. Walioshindwa kufanya kazi walikuwa wahasibu, waandishi, wanafunzi na wafanyabiashara. Ndipo tulipoona kwamba tatizo la kijana wa gemu ndilo tatizo letu sote, ila yeye analihisi kila siku, sisi tunalihisi mkongo unapokatika.

Tufanye nini? Kwa mchezaji, la kwanza ni kupima. Gemu nyingi huonyesha pingi pembeni mwa kioo. Jaribu seva zote na uchague yenye namba ndogo, wala usiifuate ramani, kwa sababu data hufuata waya. Pili, kaa palipo na mawimbi mazuri, au tumia faiba kama imefika kwako. Pingi inayopanda na kushuka ni mbaya kuliko iliyo kubwa lakini imetulia, kwa sababu iliyotulia unaweza kuizoea. Tatu, chagua kazi isiyotegemea kufumba na kufumbua. Mganga wa kikosi, mfanyabiashara na mpangaji wa mashambulizi wanashinda kwa akili zaidi kuliko kwa kidole. Na mali ya wiki nyingi usiende nayo yote vitani.

Kwa mzazi, kabla ya kumwambia mwanao kwamba hajui, au kabla ya kuongeza fedha za bando, mwulize pingi yake ni ngapi. Swali hilo moja litamwonyesha kwamba unamsikiliza. Kisha, ukimwambia saa nne za usiku zimefika azime simu, atakuelewa zaidi.

Kwa wakubwa wetu, msingi tayari upo. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data kiitwacho TIX, kilichowekwa ili ujumbe wa kutoka Mbweni kwenda Temeke usilazimike kuzunguka Ulaya. Kijitonyama pana Kituo cha Taifa cha Data. Kijana wa Mbweni akipambana na wa Temeke mbele ya refa aliyeko Kijitonyama, safari ya kwenye waya itakuwa ya milisekunde chache tu. Seva za wenyeji, gemu za wenyeji zenye hekaya zetu wenyewe, mashindano ya wenyeji: hayo yanahitaji mitaji na umeme wa uhakika, lakini hayahitaji kuivunja sheria ya mwanga. Na siku refa wa gemu atakapokaa hapa, mwalimu anayefundisha kwa video na daktari anayesoma picha ya mgonjwa wa wilayani watatumia barabara ileile fupi.

Wapo vijana wasiojua kucheza, hilo sikatai, na wao uwanja wasiusingizie. Lakini kabla hatujampa kijana jina la mzembe, tupime kwanza alikuwa umbali gani na refa wake.