Video ya Kikundi Chenu Inatazamwa Mpaka Wapi?

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vinatengeneza video za mafunzo kwa simu. Kimoja kinaonyesha kutengeneza mboji, kingine kufuga kuku wa kienyeji, kingine kukausha mahindi. Kazi hiyo ni njema na inastahili pongezi. Lakini ukiuliza wanakikundi kama video imesaidia watu, mara nyingi jibu ni, "Imefunguliwa mara 800," na wote wanapiga makofi.

Je, ndugu msomaji, hiyo ni kusema watu 800 wamejifunza? Hapana. Kufungua ni kitu kimoja, kutazama hadi mwisho ni kingine. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu anaweza kuvutwa na picha ya mbele, akatazama nusu dakika, akaenda zake. Huyo naye amehesabiwa. Mwingine anafungua mara tatu, na anahesabiwa mara tatu.

Kwa nini tujali?

Tuchukue kukausha mahindi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za karibu, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Mahindi yalikuwa yamewekwa ghalani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Sasa fikiria video ya dakika 12 juu ya jambo hilo. Dakika tatu za kwanza mwenyekiti anakaribisha wageni na kutaja kamati nzima. Halafu kunaonyeshwa kuanika juu ya turubai. Jaribio la chumvi linakuja dakika ya tisa: tia chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza punje za mahindi, funga, tikisa, halafu acha itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi, yarudishwe juani.

Kama watazamaji wengi wanatoka dakika ya nne, wamejifunza kuanika lakini hawakujifunza kupima. Mtu kama huyo atajaza gunia akiamini mambo yako sawa, na watoto wake ndio watakaokula. Kwa hivyo swali la maana ni hili: watu wanatuacha dakika ya ngapi, na ni fundisho gani linabaki nyuma yao?

Kusoma mstari wa watazamaji

Video ikiwekwa kwenye YouTube, mwenye chaneli anaweza kuona hesabu zake kwa programu ya YouTube Studio, hata kwa simu, bila malipo. Huko kuna wastani wa muda uliotazamwa, na kuna mchoro wa mstari unaoonyesha ni sehemu gani ya watazamaji ilikuwa bado ipo kila hatua. Kampuni yenyewe iliona kwamba kuhesabu kufunguliwa hakutoshi. Mwaka 2012 ilianza kutilia mkazo muda wa kutazama inapochagua video za kupendekezea watu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili za mstari huo ni nne:

1. Unaporomoka mwanzoni. Kushuka kidogo ni kawaida. Ukishuka sana, pengine salamu ni ndefu, au mtu haoni upesi kile alichoahidiwa na jina la video.

2. Unashuka ghafla katikati. Tazameni dakika hiyo hiyo. Je, sauti ilipotea kwa upepo? Kuna mtu alianza hotuba? Picha ilikaa mahali pamoja muda mrefu?

3. Unapanda kama kilima. Watu wamerudia hapo. Msifurahi haraka! Huenda wamependa, na huenda hawakuelewa, au kipimo kilitajwa mbio mbio.

4. Unakwenda sawa kama uwanja tambarare. Watu wametulia na kutazama. Jiulizeni mlifanya nini vizuri hapo, mkifanye tena.

Angalizo moja: kama waliotazama ni watu kumi tu, mmoja akitoka ni sehemu moja ya kumi imeondoka. Msipindue video nzima kwa sababu ya mtu mmoja. Ngojeni hesabu iongezeke kwanza.

Waliochunguza walipata nini?

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake wawili walitoa matokeo ya uchunguzi wa masomo manne ya video ya edX, shirika lililoanzishwa mwaka 2012 na vyuo vikuu vya Harvard na MIT huko Marekani. Walipitia kumbukumbu za kutazama milioni 6.9. Waligundua kwamba hata video iwe ndefu namna gani, muda wa kawaida wa kutazama haukupita dakika sita. Somo ambapo mwalimu anachora huku akieleza lilivutia kuliko maandishi yaliyosimama tu. Tena video ya gharama kubwa ya studio haikushinda ile ya mwalimu anayeongea kana kwamba yuko na mwanafunzi mmoja mezani. Na kuikata hotuba ndefu ya darasani vipande vipande hakukusaidia sana kama haikupangwa kuwa fupi tangu mwanzo.

Kwetu hiyo ni habari njema, maana ukosefu wa kamera ya bei kubwa si kizuizi. Lakini wale walikuwa wanafunzi wa intaneti, si wakulima walio chini ya mwembe. Dakika sita ichukueni kama mwongozo, kisha mpime watu wenu wenyewe.

Na pale ambapo hakuna intaneti?

Wengi wetu tunaonyesha video kwa projekta au televisheni ukumbini, au tunaituma kwa WhatsApp, ambapo mtumaji haonyeshwi ni dakika ngapi zilitazamwa. Hapo daftari na kalamu vinatosha.

India walitufundisha jambo hili. Digital Green ilianza mwaka 2006 kama mradi wa utafiti wa Microsoft mjini Bangalore. Wakulima wa pale pale kijijini walipigwa video fupi, zikaonyeshwa kwa vikundi vidogo. Msimamizi alisimamisha video na kuuliza maswali. Aliandika nani amekuja, ameuliza nini, na baadaye nani amefuata mbinu hiyo shambani. Katika majaribio ya vijiji 16, njia hiyo ilionekana kufanya kazi angalau mara 10 zaidi kwa kila dola iliyotumika, ikilinganishwa na ushauri wa kawaida wa kilimo.

Nanyi mnaweza kufanya hivi:

• Chagueni mtu mmoja mwenye daftari. Yeye hatazami video, anatazama watu.

• Kila dakika mbili aandike wangapi wako makini, na wangapi wametoka, wanapiga gumzo au wameshika simu zao.

• Aandike dakika ambayo mtu ameuliza swali au ameomba irudishwe nyuma.

• Baada ya onyesho ulizeni maswali matatu ya vitendo. Kwa mfano: "Chumvi ikishika kioo, utafanya nini?"

• Baada ya wiki mbili watembeleeni nyumbani, mwone wangapi wamefanya. Hii ndiyo hesabu kubwa kuliko zote.

Kuna jambo moja la heshima. Daftari hilo ni la kurekebisha video, si la kuaibisha watu. Mama aliyetoka dakika ya tano huenda alienda kunyonyesha mtoto. Msimtaje mbele ya mkutano.

Ulizeni, kisha rekebisheni

Mstari au daftari litawaonyesha watu wametoka wapi. Haliwezi kuwaambia kwa nini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Waiteni watazamaji wanne au watano, wazee kwa vijana, mrudie pamoja ile sehemu iliyopoteza watu. Nyamazeni, waseme wao. Pengine mtasikia kwamba maandishi ni madogo, au kwamba lugha ni ya ofisini.

Halafu rekebisheni jambo moja au mawili tu, mwonyeshe tena, mlinganishe. Mkibadilisha kila kitu kwa pamoja hamtajua kilichosaidia ni nini. Kwa ile video ya mahindi, tungefupisha salamu ziwe sentensi moja, tuweke jaribio la chumvi katika dakika ya pili, na kuanika tukutengenezee video yake.

Basi, katika mkutano ujao wa kikundi, kabla ya kupanga video mpya, chukueni ile ya zamani. Andikeni fundisho ambalo mtu akilikosa atapata hasara. Tafuteni liko dakika ya ngapi. Kisha mwangalie wangapi walikuwa bado wapo lilipofika.