Kichocheo Kikipita, Hali Hubaki: Funzo Kutoka kwa Nzi wa Matunda

Katika somo la sayansi tumezoea kuwafundisha watoto kwamba kichocheo huleta mwitikio: mkono ukigusa moto, huondolewa mara moja. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Mara nyingi mnyama hubaki katika hali fulani hata baada ya kichocheo kutoweka. Tutaeleza jambo hilo kwa mfano wa nzi wa matunda, yule mdogo azungukaye ndizi mbivu.

Mwaka 2015, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, walieleza jinsi walivyopitisha kivuli juu ya nzi wenye njaa waliokuwa wakila. Nzi walitawanyika. Kadiri kivuli kilivyorudiwa, ndivyo walivyochelewa kurudi kwenye chakula, ingawa kivuli kilikwisha ondoka.

Je, ubongo hudumishaje hali ya namna hii? Mfano ulio wazi umepatikana katika nzi dume. Dume anazo seli za neva ziitwazo P1, ambazo huamsha uchumba na ugomvi. Mwaka 2020, watafiti wa taasisi hiyo hiyo walionyesha kuwa P1 zikiamshwa kwa muda mfupi, shughuli yake hufifia upesi. Lakini kundi jingine, liitwalo pCd, hupokea msukumo huo na kuendelea kufanya kazi kwa dakika kadhaa. pCd zikizuiwa, uchumba na ugomvi havidumu. Hata hivyo, pCd peke yake hazianzishi vitendo hivyo. Basi P1 ni kama kiberiti, na pCd ni kama kaa litunzalo moto chini ya majivu.

Somo hili laweza kufundishwa bila vifaa vya gharama. Weka ndizi mbivu katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Nzi wakishaingia, funika kwa kitambaa chepesi, uache watulie. Wanafunzi wapitishe kipande cha kadibodi kati ya chupa na dirisha mara moja, kisha wahesabu muda hadi nzi watulie tena. Baadaye wapitishe mara kumi mfululizo, wahesabu tena. Majaribio yote mawili yarudiwe na matokeo yaandikwe katika jedwali, hata yakiwa kinyume cha matarajio. Mwalimu asitoe jibu mapema, bali aulize: “Kivuli kimeondoka; mbona nzi hawajatulia?”

Hatuna budi kutahadhari. Mtoto si nzi, wala seli za mdudu hazitoshi kueleza moyo wa mwanafunzi. Lakini swali hilohilo latuhusu sisi walimu. Tukilitisha darasa kwa fimbo, kisha tukaiweka kando na kuuliza swali la hesabu, tusidhani kwamba hofu nayo tumeiweka kando. Mtoto aliyenyamaza huenda anajua jibu, mpeni muda.