Friedrich Overbeck, Mchoraji wa Historia Takatifu

Wahujaji wafikapo Assisi, katika Basilika ya Bikira Maria wa Malaika, huona juu ya mlango wa kikanisa cha Porsiunkula picha ya Mtakatifu Fransisko akiomba rehema kwa ajili ya wakosefu. Wachache huuliza ni nani aliyeichora. Ni Friedrich Overbeck, Mjerumani aliyezaliwa katika familia ya Kiprotestanti mjini Lübeck mwaka 1789.

Alipokuwa akisoma sanaa mjini Vienna, aliona kwamba chuo kilifundisha ustadi wa mkono na kuusahau moyo. Hivyo, mwaka 1809, yeye, rafiki yake Franz Pforr na wenzao wanne waliunda Udugu wa Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo husema alimchora Bikira Maria. Mwaka uliofuata baadhi yao walihamia Roma, wakaishi katika nyumba ya kitawa ya Mtakatifu Isidori. Kwa sababu ya nywele zao ndefu watu waliwaita Wanazareti, kwa mzaha, na jina hilo likabaki.

Pforr alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1812, akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata Overbeck alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Picha aliyoianza kwa ajili ya rafiki huyo, ya wanawake wawili walioshikana mikono, aliikamilisha mwaka 1828 tu.

Kati ya 1816 na 1817, akiwa na Cornelius, Veit na Schadow, alichora habari za Yosefu katika nyumba ya balozi mdogo wa Prussia mjini Roma. Walifufua ufundi wa kale wa kuchora juu ya lipu mbichi. Kazi hiyo haina huruma: lipu ikikauka, kosa haliwezi kufutwa. Overbeck alichora Yosefu akiuzwa na ndugu zake, na kwa maoni yangu hakuwahi kuipita kazi hiyo. Picha zake za baadaye, kama ile ya ushindi wa dini katika sanaa (1840), zina mafundisho mengi na uhai mchache.

Alifariki Roma tarehe 12 Novemba 1869. Picha yake ya Yesu akiingia Yerusalemu ilitundikwa Lübeck, katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Maria, hadi ilipoteketea kwa mabomu mwaka 1942. Nyingine, ya kuombolezwa kwa Kristo, ingali humo.