RANGI YA KOPO NA RANGI YA MWANGA

Kila apandaye matatu Likoni, Kisauni au Changamwe anaujua mstari wa manjano uliopita ubavuni mwa gari. Mstari huo uliamriwa na kanuni zilizotolewa mwaka 2003, zikaanza kufuatwa Februari 2004. Fundi huupaka kwa rangi ya manjano iliyotoka katika kopo. Lakini mtu akilipiga picha gari hilo kwa simu yake na kuutazama mstari ule kiooni, ataona manjano ambayo haimo. Kioo cha simu kina taa za rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu.

Asiyesadiki na ajaribu nyumbani. Fungua picha yenye manjano, kisha tia juu ya kioo tone la maji dogo kama kichwa cha pini. Tone hilo litakuza kama miwani, na ndani yake zitaonekana chembe nyekundu na za kijani zikiwaka bega kwa bega, na zile za buluu zimefifia. Futa maji, nazo hutoweka. Kwa kuwa ni ndogo mno, jicho haliwezi kuzitenga, bali huona manjano.

Sasa mwendee fundi wa rangi, umshauri achanganye nyekundu na kijani ili apate manjano. Atacheka, na ni haki yake kucheka, maana ajua kwamba atapata rangi ya matope. Basi ni nani asemaye kweli, simu au fundi? Wote wawili wasema kweli, ila kazi zao ni mbali mbali.

Nuru ya jua yaonekana nyeupe, lakini imebeba rangi zote. Isaac Newton wa Uingereza alilithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1660, alipoipitisha nuru katika kioo chenye pembe tatu, nayo ikatawanyika kama upinde wa mvua. Rangi ya kopo haina nuru yake yenyewe. Hunywa sehemu ya nuru iliyoiangukia, na kutupa machoni petu ile iliyosalia. Rangi ya manjano hunywa buluu na kurudisha nyekundu na kijani. Rangi ya buluu hunywa nyekundu. Zikichanganywa hizo mbili, kila moja hunywa fungu lake, na kisalimikacho zaidi ni kijani. Kwa hiyo kila kopo uliongezalo ni mnywaji mwingine, na rangi nyingi zikikutana huelekea weusi.

Taa hufanya kinyume chake: kila moja huongeza nuru. Nyekundu, kijani na buluu zikiwaka pamoja kwa kadiri ipasayo, jicho huona weupe. Tatu hizo zatosha kwa sababu jicho la mwanadamu lenyewe hupokea rangi kwa chembe za aina tatu. Mwaka 1861, huko London, James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe iliyotokezwa kwa mianga mitatu ya namna hiyo.

Watoto shuleni hufundishwa kwamba rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu. Kwa mchoraji hesabu hiyo yafaa, lakini wapiga chapa hutumia iliyo sahihi zaidi: manjano, buluu yenye kuelekea kijani, na nyekundu yenye kuelekea zambarau, pamoja na wino mweusi.

Elimu hii ina faida mfukoni. Siku hizi mwenye mashua au duka humwonyesha fundi picha katika simu na kumwambia, "Nataka rangi hii hii." Kazi ikimalizika huona rangi imepooza, ugomvi ukazuka juu ya malipo. Kumbe alimwonyesha taa, naye fundi alikuwa na kopo. Yafaa kwanza fundi apake kipande cha ubao, kikauke, kisha nyote wawili mkakitazame nje mchana. Msikikague chini ya taa ya manjano usiku, kwani taa isiyo na buluu haiwezi kuionyesha buluu. Mashua ya samawati itaonekana nyeusi. Mkiafikiana juu ya ubao huo, ndipo mnunue makopo yaliyobaki.